Vigingi Sitini na Vinne vya Mzee Mstari

Naandika habari za mume wangu angali hai, tena ana meno yake yote kasoro mawili. Nimekaa kwenye misiba mingi nikisikia watu wakisifiwa mambo ambayo hawakuyafanya, na huyu wangu sitaki aje asifiwe uongo. Afadhali niyaseme mwenyewe sasa, nikikosea anisahihishe. Amekaa hapa pembeni anapukuchua mahindi, na kila nikinyamaza anauliza, "Umefika wapi?"

Watu wanamwita Mzee Mstari. Jina hilo alilipata ujanani kwa sababu ya kamba. Alikuwa na kamba ya mkonge aliyoifunga mafundo, kila fundo shimo moja la mahindi, na msimu wa kupanda ukifika aliitandaza shambani kama fundi mwashi anayeanza ukuta. Mahindi yakiota, ukisimama kwenye kichwa cha shamba uliona mpaka mwisho, wima, mstari mmoja usiopinda hata kidogo. Wapita njia walisimama kutazama. Mimi mwenyewe sikuwahi kunyoosha mstari maishani mwangu. Maharage yangu huenda yanakotaka.

"Maharage yako yamelewa, mama watoto," alikuwa akiniambia.

"Yamelewa lakini yanazaa," nilimjibu. Tumetaniana hivyo miaka arobaini na moja.

Miaka minane iliyopita macho yake yalianza kufungika. Daktari aliita presha ya macho, akatueleza kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Kwanza alipoteza pembeni, akawa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya chupa. Baadaye chupa nayo ikafungwa. Wengi walidhani amekwisha, na nisiseme uongo, hata mimi niliwahi kulia nyuma ya jiko nikidhani hivyo.

Yeye alichofanya ni kuvua viatu. Akaingia shambani peku akaanza kujifunza upya kwa nyayo, kama mtoto anayejifunza kusoma. Hapa tuta, hapa jiwe, hapa udongo ni wa mchanga, hapa mfinyanzi unaonata. Alihesabu hatua kwa sauti mpaka nikawa nazisikia nikiwa usingizini. Baada ya msimu mmoja alikuwa anapalilia peke yake. Barabarani lazima ashikwe mkono, na sokoni, na zahanati, na kwenye nyumba za watu. Lakini kwenye kichwa cha shamba letu kuna jiwe la kunolea majembe. Nikimfikisha hapo, akishaligusa kwa mguu, huutoa mkono wake mkononi mwangu taratibu, kama mtu anayevua koti, anakwenda zake. Hapo anakuwa mtu mzima.

Kwa hiyo watu wa sola walipokuja kutaka mashamba ya upande wetu, mimi nilisema hapana kabla hawajamaliza kusalimia.

Nieleze vizuri. Ilikuja kampuni inayotandaza vioo vya kunasa jua, vingi, ekari na ekari, umeme unakusanywa unapelekwa mjini. Shamba wanakodi kwa miaka ishirini na mitano. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa wa kwanza kukubali, na shamba lake limepakana na letu. Walifika na mashine ya kupigilia nguzo za chuma, du, du, du, asubuhi mpaka jioni, vikombe vikawa vinacheza kabatini. Wote wanaotuzunguka wakakubali. Likabaki letu katikati, kama jino moja kwenye ufizi.

Na letu ni langu. Niliachiwa na baba yangu kwa maandishi. Mume wangu alilima pale kama mkwe mpaka akawa mwenyeji, lakini sahihi inayotakiwa ni ya kwangu mimi.

Mwanangu wa kwanza, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuja kunishawishi. Alikaa jikoni kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni.

"Mama, jua linapotea bure juu ya lile shamba."

"Halipotei, linaivisha mahindi."

"Baba hawezi kulima milele."

"Nani kataja milele? Mimi nimetaja kesho. Na keshokutwa."

"Watazungushia uzio, mama, ni kweli. Lakini baba atapumzika."

"Uliwahi kumwona baba yako akiomba kupumzika?"

Akasogeza kigoda. Kisha akasema, "Basi waache wapime tu. Wakishapima utaamua." Na kwa kuwa ni mwanangu, na alikuwa amekuja na kilo mbili za sukari, nikasema haya, wapime.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na ni langu peke yangu. Juma lile lile ilikuwa zamu ya mzee kwenda kliniki ya macho mjini, siku tatu, mwanangu akampeleka. Wapimaji walikuja katika siku hizo tatu. Mkubwa wao alikuwa binti, injinia, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, ana kofia ya plastiki na viatu vikubwa vya kazi vilivyokuwa vikimpwaya, kwap, kwap, akitembea. Alisalimia vizuri. Alisimamisha chombo chake cha miguu mitatu, akachungulia, vijana wake wakapigilia vigingi vya mti vyenye urefu wa mkono, kila kimoja na utepe mwekundu. Sitini na vinne. Mistari minne, kila mstari kumi na sita.

Mume wangu aliporudi sikumwambia. Nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni kwamba nitakataa, sasa nimsumbue ya nini? Kila akisikia mashine kwa mdogo wake akiniuliza, nilimjibu, "Sisi hatumo." Alikuwa akitikisa kichwa tu.

Sasa, lazima mjue desturi yetu ya maharage. Maharage yangu ni ya kutambaa, yanapanda juu ya fito. Tukishavuna mimi hung'oa zile fito, lakini zilizooza chini hukatika, vipande vinabaki ardhini. Kazi ya kuviondoa ni yake. Hupita kabla ya kulima, ameinama, mkono unapapasa mbele ya mguu, akigusa kipande anang'oa, maana jembe likipiga kwenye kipande cha fito linaruka kumpiga mtu kwenye mguu. Amefanya hivyo kila mwaka tangu macho yakiwepo.

Siku ya pili baada ya kutoka mjini nilikwenda kusagisha. Niliporudi nilimkuta amekaa mbele ya jiko, uso unang'aa kama aliyeshinda mchezo. Pembeni yake mafungu sita na kidogo, yamefungwa kwa kamba, kila fungu vijiti kumi.

"Kuni zako hizo," akasema. "Mwaka huu umeacha vipande vingi. Na vikavu! Lakini nikupe sifa yako, mama watoto, umejifunza kunyoosha. Kila hatua saba kipande. Mstari mpaka mstari hatua tisa. Nikasema moyoni, mke wangu kanizidi uzeeni."

Niliona utepe mwekundu ukining'inia kwenye kila kijiti. Unga uliponyoka mkononi.

"Vipi?" akauliza. "Umeangusha nini?"

Nikakaa chini. Nikamwambia yote, kuanzia kwa mwanangu na sukari yake mpaka kile chombo cha miguu mitatu. Alisikiliza bila kunikatiza, na hilo kwake si jambo la kawaida. Mwisho akauliza swali moja tu.

"Na ulikuwa unanificha kwa nini?"

"Nilikuwa nitakataa."

"Basi ungeniambia kwamba unakataa."

 Aliokota fungu moja, akapapasa kijiti, akaupata utepe, akauzungusha kwenye kidole. "Ni wa rangi gani?"

"Mwekundu."

"Masikini. Wameniwekea na alama nisikosee."

Tukacheka. Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Lakini baada ya kucheka alibaki ameshika ule utepe muda mrefu.

Kesho yake binti injinia akaja na vijana wake. Alipolikuta shamba tupu alisimama kwenye lile jiwe la kunolea, mikono kichwani. Shemeji yangu alikuwa amekwisha kusikia, sijui kutoka kwa nani, naye hakosi palipo na kituko. Akaja akaegemea mpaka wa shamba lake.

"Shemeji," akaniita, "nasikia jana ulipikia umeme."

"Nimekubakizia majivu, njoo ulambe."

Binti hakucheka. Siku tatu za kazi, alisema, na mkubwa wake anasubiri ramani. Alikuwa karibu kulia ila anajizuia mbele ya vijana wake. Mume wangu akatoka jikoni, mkono mmoja begani kwangu, mwingine umekumbatia vigingi.

"Shikamoo, mzee," binti akasema.

"Marahaba, mwanangu. Viatu vyako vinakupwaya."

Binti akatazama miguu yake. "Wananunua saizi za wanaume tu, mzee."

"Utaanguka. Mama atakutafutia soksi nene. Sasa niambie, ndiye wewe uliyepanda hivi vijiti?"

"Ndiye mimi."

"Una mkono mzuri. Samahani kwa kung'oa. Nipe nafasi nivirudishe."

Vijana wakatazamana. Binti akaanza kusema, mzee, usijisumbue, vinapimwa kwa mashine, hata nusu hatua haitakiwi kupotea. Mume wangu alikuwa amekwisha kugusa jiwe kwa mguu. Akautoa mkono begani mwangu. Akaenda.

Nimeishi na huyu mtu miaka yote hiyo na siku hiyo nilisimama kumtazama kama mgeni. Alikuwa anatembea hatua saba, anainama, anapapasa. Kama amekosa kidogo, kidole kilitafuta mpaka kikapata lile tundu alilong'oa kigingi, udongo umelegea ndani yake. Anachomeka, anapigilia kwa jiwe, anasimama, saba tena. Mpaka shemeji alinyamaza, na huyo hanyamazi hata akila. Vijana waliacha kuchezea simu zao. Binti alisogeza chombo chake akaanza kumfuata nyuma, akichungulia.

"Sawa," alikuwa akisema. "Sawa. Hiki sawa. Mungu wangu. Hiki nacho sawa."

Nilisimama nimefura kifua. Nilitaka mwanangu awepo aone, yule wa "baba atapumzika."

Vigingi kumi vya mwanzo vya mstari wa kwanza vilikuwa mahali pake. Kisha shamba letu linashuka kidogo, pana kibonde, na mvua kubwa za mwaka uliotangulia zilibeba matuta ya pale zikayalaza upya. Nilimwona akifika kibondeni. Mguu ulisita, ukatafuta, ukasita tena. Hatua zikawa fupi. Akachomeka. Binti akachungulia, asiseme sawa. Kigingi cha kumi na mbili kilikuwa pembeni hatua mbili. Cha kumi na tatu, hatua tatu. Mstari ulikuwa unakwenda unapinda kama maharage yangu, na yeye haoni. Cha mwisho, cha kumi na sita, alikichomeka ndani ya shamba la mdogo wake, akakipigilia kwa nguvu, akasimama akajifuta jasho.

"Tayari," akasema, ameelekeza uso mahali ambapo sisi hatupo. "Vipi, mwanangu?"

Hakuna aliyejibu. Shemeji alitazama chini. Binti alinitazama mimi. Nikafungua mdomo, na ninajua nilichokuwa nakwenda kusema. Nilikuwa nakwenda kusema vyote viko sawa.

"Usiniambie viko sawa," mume wangu akasema. "Nakusikia unavyonyamaza."

Nikamfuata nikamshika mkono. Kiganja kilikuwa cha baridi, na jua lote lile.

"Huku chini sikujui tena," akaniambia taratibu, kwa sauti ya watu wawili, ingawa wote walisikia. "Mwaka wa pili huu. Tangu ile mvua. Nakisia tu."

"Na ile siku ulichelewa, ukasema ulikuwa unaongea na ndugu yako?"

"Ndugu yangu hakuwepo. Nilipotea. Nilizunguka, nikaona nikizidi kuzunguka nitafika barabarani, basi nikakaa chini."

"Ukarudi vipi?"

"Nilingoja mpaka uite kuku. Ulipowaita nikafuata sauti."

Niliikumbuka siku hiyo. Nilikuwa na hasira na jogoo mmoja asiyetaka kuingia bandani, namtukana. Na mume wangu alikuwa amekaa peke yake kwenye tope, anasubiri sauti hiyo ya hasira imwonyeshe nyumbani.

"Mara ngapi?" nikauliza.

"Tano. Sita."

"Na ulikuwa unanificha kwa nini?"

"Ungenizuia kuja."

Ni kweli, ningemzuia. Tulikuwa tumefichana wote wawili, kila mmoja anamlinda mwenzake, na kati yetu shamba lilikuwa linampotea kibonde kwa kibonde. Mimi nilikuwa nakataa sola ili abaki na mahali pa kutembea, kumbe mahali penyewe palikuwa panamponyoka miguuni na sola haijafika.

Nimseme vizuri shemeji, kwa sababu kwingine kote nimemsema vibaya. Ndiye aliyevunja ule ukimya. "Kaka," akasema, "si upite kwangu basi? Uko kwangu tayari. Umenipandia kigingi."

Mume wangu akanyoosha mkono mbele, na mkono ukagonga chuma. Nguzo ya kwanza ya shemeji, imesimama tayari, vioo bado havijawekwa. Akaipapasa juu mpaka chini kama anayempima ndama. Akaipiga kwa kifundo cha kidole. Ikalia. Akapiga hatua mbele, nikaona midomo inahesabu, na kwenye ya saba mkono wake ukagonga chuma kingine.

"Saba," akasema.

Akaenda tena. Saba. Chuma. Akauachilia mkono wangu bila hata kuvua koti, aliuachilia tu. Nguzo mpaka nguzo, akapita kibonde, maana kibonde hicho kinaendelea mpaka kwa shemeji, mguu ukayumba lakini mkono ulikuwa umekwisha kupata chuma. Akafika mwisho wa mstari, akageuka, akashika wa pili, akarudi. Alikuwa anatembea haraka. Mimi sikuwa nimemwona mume wangu akitembea haraka kwa miaka sita. Binti injinia alinipa kitambaa, nikamwambia ni vumbi.

"Hizi za kwangu zitakuwa hivi hivi?" mzee akauliza alipotufikia, anahema. "Zitaanzia juu karibu na nyumba?"

"Zitaanzia pale kwenye jiwe, mzee," binti akasema. "Jua ndilo linaloamua mstari uelekee wapi, na bahati nzuri limeamua kuelekea kwenu."

"Mama watoto?"

"Bado," nikasema.

Maana mimi si mtu wa kugeuzwa na nguzo kumi na sita. Niliuliza habari ya uzio. Binti akasema ukweli: uzio wa waya, wenye urefu wa kumpita mtu, lango moja upande wa barabara, asiye mfanyakazi haingii. Nikamwambia basi chukua chombo chako cha miguu mitatu uende zako, soksi nitakupa hata hivyo. Akaniomba nimweleze ninachotaka. Nikasema nataka lango la pili, kwenye jiwe la kunolea. Ufunguo ukae shingoni kwa mume wangu. Na maharage yangu yapandwe kati ya nguzo.

"Mama, siwezi kumwachia asiye mfanyakazi ufunguo. Ni hatari, kuna umeme."

"Nyasi mnazikata na nini?"

Akasema mashine hawatumii karibu na vioo, inarusha mawe, kioo kimoja kikipasuka ni hasara. Zinakatwa kwa mkono.

"Na mkono," nikasema, "unatakiwa uwe unaona?"

Binti alivua kofia yake. Akamtazama mume wangu, ambaye alikuwa amesimama na kidole juu ya nguzo akijifanya hasikii.

Majuma matatu yakapita. Mwanangu alipiga simu kila jioni: mama, wamejibu? Nilimwambia acha kunipigia, nitakupigia mimi. Mzee alikuwa anakwenda kwa mdogo wake kila asubuhi kutembea nguzoni, na jioni anauliza, "Hawajaja?" Mimi namjibu, "Wasipokuja, kwani wao ni nani?" Lakini nilikuwa nikisikia gari nasimama.

Walikuja siku ya Jumanne. Binti injinia na karani mwenye mkoba. Lango la pili, ndiyo. Mzee ameandikwa mfanyakazi wa kukata nyasi kwenye mistari yetu minne na ya shemeji, kwa mundu, hakuna kuchimba, maana nyaya zinapita chini katikati ya mistari, na zile za juu zimefungwa kwenye mabomba. Kwa hiyo maharage hayana ruhusa kati ya mistari, ila pembeni, ndani ya uzio, kipande cha hatua kumi. Na yasiwe ya kutambaa, yasije yakapanda kwenye vioo. Nilinung'unika nusu saa kuhusu hayo ya kutambaa. Kisha nikasema leta.

Karani alifungua kidau cha wino wa bluu, akaushika mkono wangu kunitia dole gumba kwenye karatasi. Nikauvuta.

"Dole gumba langu linakandia unga," nikamwambia. "Nipe kalamu."

Nilisoma kisomo cha watu wazima misimu miwili, na jina langu ninaliandika lote, majina matatu, bila kuruka. Nikaanza. Herufi ni kama mbegu, ukizirusha zinakwenda popote, mimi naziweka moja moja. Karani alitazama saa yake. Alikohoa.

"Mwache," mume wangu akamwambia. "Anapanda."

Nilipomaliza akauliza, "Imenyooka?"

Binti injinia akasema upesi, "Imenyooka, mzee." Ana roho nzuri, lakini tulikuwa tumekwisha kuyaacha hayo.

"Imelewa," nikamwambia mume wangu. "Imeanza juu ikaishia chini kabisa, ndani ya shamba la karani."

Akacheka, akanipapasa mkono wenye kalamu.

Sasa ni mwaka na nusu. Vioo vimewekwa, vinang'aa mpaka unafumba macho, na chini yake kuna kivuli kizuri ambacho shemeji hukijia kulala akidai amekuja kukagua. Mwanangu aliyechomelea lile lango la pili alikataa wapake rangi nyingine, akalipaka nyekundu. Baba yake haioni, lakini alimwambia, naye anapenda kuisimulia. Binti injinia ameshapelekwa kazi nyingine. Alipokuja kuaga, mzee alimsikia kutoka mbali, akasema, "Huyu ni nani, viatu vimemkaa?"

Asubuhi namfikisha kwenye jiwe. Anafungua lango kwa ufunguo wa shingoni, anautoa mkono wake mkononi mwangu kama zamani, anachukua mundu na kifimbo kifupi. Kila akifika kwenye nguzo anaigonga mara moja. Zamani nilikuwa jikoni nainua kichwa kila dakika kumtazama yuko wapi, hata mboga zikaungua. Siku hizi sitazami. Nasikia chuma: moja, mbili, tatu, inakwenda inafifia, kibonde, kumi na mbili, kumi na tatu, ndogo kama kijiko kwenye kikombe. Kimya kidogo, anageuka. Kisha inaanza kukua. Ikifika ya kumi kwenye mstari wa mwisho naweka maji ya chai.

Jua likishuka naita kuku. Wako sita tu, na banda ni jipya, wanaingia wenyewe mapema, hata yule jogoo amepata akili. Nawaita hata hivyo, kwa sauti kubwa, nimesimama mlangoni nikiuelekea uzio. Mume wangu anajua kwamba wameshaingia. Amenisikia nikiandika hili, maana huwa nasoma herufi kwa sauti ninapoziandika, na hajanisahihisha.